Kutoa Nywele za Sehemu za Siri kwa Waksi Ukiwa Nyumbani: Mwongozo Kamili

Watu wengi wakifikiria waksi ya sehemu za siri, mawazo yote huenda kwenye mkono unaovuta: uvute kwa nguvu gani, itauma kiasi gani, na itakuwaje roho ikigoma katikati ya kazi. Mimi humwambia kila anayeniuliza aanze na mkono mwingine, ule unaoshika ngozi. Ngozi ya huku ni nyembamba, imelegea na ina mikunjo. Ukivuta bila kuikaza, inaifuata waksi. Nywele zinakatikia juu, damu inavilia chini ya ngozi, na siku mbaya tabaka la juu linabanduka nalo. Ikikazwa vizuri, waksi ileile na nguvu ileile hung'oa unywele na mzizi wake, na uchungu unapita kabla hujamaliza kukunja uso.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima anayejifanyia mwenyewe, zaidi wanawake, ingawa wanaume nao wana sehemu yao huko mbele. Na tuliseme mapema: hakuna ulazima wowote wa kiafya wa kutoa mavuzi. Kazi ya mavuzi ni kupunguza msuguano na kuikinga ngozi. Usafi unatokana na kuoga, uwe nayo au usiwe nayo. Kama unataka kuyatoa kwa sababu unapenda, twende.

Nani asiguse waksi

Kuna watu ambao nawaomba waishie kwenye sehemu hii, kisha watumie mkasi au mashine ya kupunguza nywele.

Wa kwanza ni anayemeza isotretinoini kwa ajili ya chunusi sugu, au aliyeiacha na haijatimia miezi 6. Dawa hiyo huidhoofisha ngozi kiasi kwamba waksi huondoka na ngozi yenyewe. Krimu za tretinoini na adapalini, na zile za kung'arisha ngozi zenye asidi, huleta shida hiyohiyo mahali zilipopakwa, kwa hiyo ziache angalau wiki moja kabla. Aliyepaka krimu za steroidi kwa muda mrefu, ziwe za kutibu au za kujichubua, ngozi yake imekuwa nyembamba mno kwa kazi hii. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, atavilia damu kwa kila mvuto.

Halafu kuna wenye kisukari kisichodhibitiwa na wenye kinga dhaifu. Unywele uking'olewa huacha kitundu wazi, na mwili wenye afya hukifunga kimyakimya bila wewe kujua. Mwili usio na uwezo huo ni habari nyingine. Mwaka 2007 jarida la kitabibu la Clinical Infectious Diseases lilieleza kisa cha mwanamke wa miaka 20 nchini Australia, mwenye kisukari cha aina ya kwanza kilichokuwa hakijadhibitiwa, ambaye alipata maambukizi ya bakteria yaliyohatarisha maisha yake baada ya kufanyiwa waksi ya kutoa nywele zote. Sikitaji kisa hicho kumtisha kila mtu. Nakitaja kwa sababu wenye kisukari mara nyingi huambiwa wachunge miguu yao, na hakuna anayewaambia habari za huku.

Wengine ni wa kusubiri tu. Kama una kidonda, mchubuko, fangasi, ukurutu, jipu, au hepesi imetoka, subiri ipone kabisa. Ukiona sunzua au vipele vidogo vigumu vyenye kijishimo katikati, nenda ukaonwe kwanza, maana waksi inaweza kuvisambaza kwa mvuto mmoja kutoka sehemu moja hadi nyingine. Mwenye bawasiri asiguse nyuma. Mwenye ngozi inayoota makovu ya keloidi atafute njia nyingine kabisa.

Mjamzito hakatazwi, lakini damu huku inakuwa nyingi, maumivu yanaongezeka, na tumbo linamzuia kuona anachofanya. Kujifanyia mwenyewe wakati huo si busara. Amuulize mkunga wake, na akikubaliwa, afanyiwe na mtu mwingine.

Waksi ipi

Hapa ndipo wengi huharibu kazi kabla hawajaianza. Waksi laini, ile inayopakwa kwa utando mwembamba kisha kufunikwa na kitambaa, hushika nywele na ngozi pamoja. Kwenye miguu haina neno. Huku chini inaumiza na inachuna. Vile vipande vilivyopakwa waksi tayari, vya kusugua viganjani vipate joto, navyo ni vya miguu. Nywele nene za kinena vinazipapasa tu.

Nunua waksi ngumu. Huuzwa kama punje au vidonge vya kuyeyusha, hupakwa nene kidogo, hupoa yenyewe na kubanduliwa bila kitambaa. Inapoganda hujikaza kuuzunguka unywele na kushika ngozi kidogo kuliko ile laini, na ndiyo sababu wataalamu huipendelea kwa sehemu nyeti. Soma kwenye kifurushi iwe imeandikwa kwamba inafaa sehemu za siri, na ikiwezekana iwe ile inayoyeyuka kwa joto la chini.

Waksi nyingi zina utomvu wa misonobari. Kama ngozi yako huwashwa na kuwa nyekundu ukibandika plasta ya kidonda, huenda ni utomvu huohuo unaokusumbua, kwa hiyo tafuta isiyo nao. Hata hivyo kila mtu afanye jaribio: siku moja kabla, paka kipande kidogo ndani ya paja, kibandue, halafu subiri saa 24.

Njia ya sukari, maji na limau ni nzuri na ya miaka mingi. Mabaki yake huoshwa kwa maji, na kwa kawaida hupakwa kinyume na nywele kisha kuvutwa kuzifuata, jambo linalopunguza kukatika kwake. Shida ni mbili. Mkono unahitaji muda kuuzoea mnato wake. Na ukiipika mwenyewe, sukari hiyo hufika karibu nyuzi joto 120, moto kuliko maji yanayochemka, tena inaganda palepale inapodondokea. Kama hiyo ndiyo unayoipenda, nunua iliyo tayari.

Mshumaa ulioyeyushwa usiufikirie hata kidogo.

Vingine vya kuwa navyo: chombo cha umeme cha kuyeyushia waksi chenye kidhibiti joto, vijiti bapa vya mbao vya kutosha (kama vile daktari anavyotumia kukandamiza ulimi), kioo kinachosimama chenyewe, taa nzuri, mkasi mdogo, kibano, glavu nyembamba, taulo la zamani ambalo hutalililia, na mafuta ya watoto. Watu huyasahau mafuta, kisha wanayatafuta huku wamebandikwa waksi. Yaweke karibu na mkono. Maikrowevu siipendi kwa kazi hii kwa sababu haipashi waksi kwa usawa: sehemu moja imepoa, nyingine inaunguza.

Urefu wa nywele na siku ya kufanya

Nywele ziwe na urefu wa milimita 6 hadi 10. Zikiwa fupi kuliko hapo, waksi haina pa kushika. Zikiwa ndefu zaidi, itauma bure na nywele zitajinyonga ndani ya waksi. Kama ulikuwa unanyoa, ipe ngozi wiki 2 hadi 3 bila wembe. Mwenye nywele za kipilipili asipime kwa macho, kwa sababu unywele uliojikunja huonekana mfupi kuliko ulivyo. Shika mmoja kwa ncha za vidole, unyooshe, ndipo upime. Zilizozidi zipunguze kwa mkasi zikiwa kavu.

Kwa wanawake wengi siku chache kabla ya hedhi na zile za hedhi yenyewe ngozi huwa nyepesi kuumia. Wiki inayofuata baada ya hedhi huwa rahisi zaidi. Chagua jioni ambayo kesho yake huna safari ndefu, mazoezi, kuogelea wala shughuli ya kukaa juani. Na usianze ukiwa na saa moja tu ya kubanabana. Mara ya kwanza itakuchukua muda mrefu kuliko unavyodhani, na haraka ndiyo inayowafanya watu wapake kipande kikubwa ili wamalize.

Kuhusu maumivu

Itauma. Mara ya kwanza inauma zaidi ya zote zinazofuata, kwa kuwa nywele zote zina mizizi minene. Kidonge cha parasetamoli au ibuprofeni, kama huwa unakitumia bila tatizo, kinywe nusu saa hadi dakika 45 kabla, kwa kipimo kilichoandikwa. Aspirini iache kwa sababu huongeza kutoka damu. Pombe nayo iache kwa siku hiyo.

Krimu za ganzi zinahitaji tahadhari kubwa. Mwaka 2007 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya wanawake wawili, mmoja wa miaka 22 na mwingine wa miaka 25, kufariki. Walikuwa wamejipaka krimu ya ganzi miguuni na kuifunika kwa plastiki kabla ya kutolewa nywele kwa leza. Dawa iliingia mwilini kwa wingi kupita kiasi. Ngozi ya sehemu za siri hunyonya dawa haraka kuliko ya mguuni. Kwa hiyo usijipake ganzi huku kwa kukisia, usiipake eneo kubwa, na kamwe usiifunike. Kitambaa chenye maji baridi kikiwekwa dakika moja kabla ya kipande na kukaushwa vizuri kitakusaidia bila kukuhatarisha.

Kujiandaa

Kama unataka kusugua seli zilizokufa kwa skrabu laini, fanya hivyo jana yake, si siku yenyewe. Siku yenyewe oga maji ya vuguvugu kwa sabuni isiyo na manukato, kisha jikaushe kabisa, hata ndani ya mikunjo, na usubiri dakika kumi jasho la kuoga likatike. Waksi haikamati ngozi yenye unyevu. Vaa glavu. Chukua tone moja au mawili ya mafuta, yasambaze kwa kidole hadi ngozi ing'ae kidogo, halafu futa ziada kwa karatasi laini. Safu hiyo huizuia waksi ngumu isishike ngozi. Yakizidi, waksi haitashika hata nywele.

Tandika taulo sakafuni, keti ukiegemea ukuta au mito, goti moja limelala nje, kioo kimesimama mbele yako na taa inamulika kutoka pembeni. Kuegemea nyuma kuna faida ya ziada: ngozi ya chini ya tumbo inanyooka yenyewe.

Sasa, kabla hujagusa waksi, tazama nywele zinavyolala. Pitisha kidole. Kwa wengi, za juu ya kinena huelekea chini, za pembeni huelekea katikati, na za kwenye mashavu ya nje ya uke huelekea ndani na chini. Lakini kila mtu ana ramani yake, na huenda upande wa kulia usifanane na wa kushoto. Pale zinapobadili mwelekeo ndipo kipande kimoja kinapoishia na kingine kuanzia.

Joto la waksi

Yeyusha taratibu kwa joto alilotaja mtengenezaji, kisha shusha na usubiri. Waksi iliyo tayari ina uzito wa asali: inateremka kijitini polepole kwa utepe usiokatika. Ikitiririka kama maji bado ni moto. Kitu chenye nyuzi joto 60 huweza kuunguza ngozi ya mtu mzima vibaya ndani ya sekunde chache, na huku ngozi ni nyembamba kuliko ya kiganja. Kwa hiyo jaribu kila mara kwa tone dogo upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Usijaribu mara moja tu mwanzoni. Chombo cha umeme huendelea kupasha wakati wewe unahangaika na kipande kilichotangulia.

Kijiti kilichogusa ngozi hakirudi chomboni. Kitupe, chukua kingine. Najua vitaisha haraka, lakini kukirudisha ni kupeleka bakteria wa ngozini kwenye waksi yote, kisha kuwapaka kwenye vitundu vilivyofunguka.

Kipande cha kwanza

Anzia pembeni, kwenye mstari wa paja, ambako nywele ni chache na ngozi inakazika kirahisi. Hapo ndipo mkono unajifunza.

Chota waksi, paka kuelekea nywele zinapolala. Kipande kiwe na upana wa vidole viwili na urefu usiozidi sentimita 5. Unene uwe milimita 2 hadi 3, na kingo ziwe nene kama katikati. Kingo zilizofifia huvunjika na kubaki ngozini. Mwisho wa kipande, upande nywele zinakoelekea, acha waksi nene zaidi itakayokuwa kishikizo cha kushikia.

Subiri. Gusa kwa kidole: isipoacha alama ya kunata lakini bado inapinda bila kupasuka, imefika. Kwa kawaida ni nusu dakika hivi, inategemea waksi na hali ya hewa ya chumbani. Ukiisubiri mno itakuwa kama gamba na kuvunjikavunjika.

Sasa mkono wa kushika. Weka kiganja au vidole nyuma ya kishikizo, karibu kabisa na pale utakapoanzia kubandua, na usukume ngozi kwenda upande ulio kinyume na unakovutia. Kama unavuta kwenda juu, mkono unakaza kwenda chini. Ngozi ikazwe hadi uone mikunjo yote imepotea. Inua kishikizo kidogo, kishike imara, pumua nje, na uvute kwa mkupuo mmoja kinyume na nywele zilivyolala. Mkono wako upite chini, karibu kukwaruza ngozi, kama unaukunja ukanda juu ya mgongo wake wenyewe. Ukivuta kuelekea dari, nywele zinakatika na ngozi inanyanyuka.

Mara tu ukibandua, bonyeza mahali hapo kwa kiganja kwa sekunde chache. Mgandamizo hutuliza uchungu kweli, usiudharau.

Tazama kipande ulichotoa. Ukiona ncha za nywele zenye vivimbe vidogo vyeupe au vyeusi, umeng'oa mizizi. Ukiona nywele zimekatwa bapa, na ngozini kuna vidoti vigumu, ama hukukaza, ama ulivuta juu, ama waksi ilikuwa imepoa mno. Rekebisha kabla ya kupaka kipande cha pili.

Mahali pamoja pasipitiwe zaidi ya mara mbili siku hiyo. Nywele zilizobaki ni za kibano.

Kuingia ndani

Kutoka pembeni panda kwenye kinena. Fanya kutoka nje kwenda katikati, vipande vidogo, ukikaza ngozi kila mara. Hapa nywele ni nene na nyingi, na watu wengi huishia hapa mara ya kwanza. Hakuna ubaya. Unaweza kubakiza mstari au pembetatu na kuyafikia mengine mwezi ujao. Nusu ya kazi iliyofanywa vizuri inapendeza kuliko eneo zima lenye michubuko.

Ukiendelea hadi mashavu ya nje ya uke, punguza kipande: upana wa kidole kimoja, urefu wa sentimita 3. Shika shavu kwa mkono wa pili, livute upande mmoja hadi linyooke, na paka kwenye ngozi kavu yenye nywele tu. Mpaka unauona kwa macho: pale ngozi inapogeuka kuwa laini, yenye unyevu na isiyo na nywele, waksi haifiki. Midomo ya ndani haiguswi kabisa. Ifunike kwa kipande cha shashi safi ili tone lisiidondokee. Na wakati waksi iko ngozini, usibane mapaja hata ukipiga chafya. Waksi hujishika yenyewe kwa yenyewe, na kuitenganisha ni kazi ya mafuta na subira ndefu.

Nyuma, karibu na njia ya haja kubwa, maoni yangu ni mwachie mtaalamu. Huoni vizuri, mkono mmoja unashika tako na mwingine unavuta ukiwa umejipinda, na kanuni ya kukaza ngozi inakuwa ngumu kuitimiza. Ukiamua kufanya, baki kwenye ngozi ya nje ya mfereji wa makalio, usisogelee ukingo wa tundu lenyewe, na ifanye sehemu hiyo iwe ya mwisho ili glavu zilizogusa huko zisirudi mbele.

Wanaume: kinena na mstari wa paja hufanywa kama nilivyoeleza. Mfuko wa korodani na uume, hapana, angalau si nyumbani peke yako. Ngozi ya korodani inasinyaa na kutanuka yenyewe, haikaziki kwa mkono mmoja, na ikichanika inatoka damu nyingi. Tumia mashine ya kupunguza nywele yenye kinga.

Mambo yakienda kombo

Roho ikigoma waksi ikiwa imeshaganda, usikimbilie maji ya moto, na usiikate kwa mkasi. Paka mafuta ya watoto kwenye kingo, sugua taratibu kuelekea katikati, iache ilainike, itatoka kidogokidogo. Maji baridi huigandisha zaidi.

Vidoti vya damu kwenye vitundu ni kawaida kwa nywele nene. Bonyeza kwa shashi safi vitakoma. Kuvilia damu ni ishara kwamba ngozi haikukazwa. Weka kitambaa cha baridi na uache eneo hilo lipone. Ukiona sehemu nyekundu inayong'aa na kutoa majimaji, tabaka la juu limebanduka. Osha kwa maji safi, paka vaselini, funika kwa shashi, na usiipake waksi wala kitu chenye manukato hadi ipone.

Umeungua? Maji ya bomba ya baridi yatiririke hapo dakika 20. Si barafu, si dawa ya meno, si siagi. Waksi iliyoshikana na ngozi iliyoungua usiivute. Ipoze hivyohivyo na uende hospitali. Malengelenge yoyote ya kuungua sehemu za siri yaonwe na mhudumu wa afya siku hiyohiyo, hata kama ni madogo.

Saa 48 za kwanza

Ondoa mabaki kwa mafuta, osha kwa maji ya kawaida, kausha kwa kupigapiga. Kitambaa cha baridi, kisha jeli ya alovera isiyo na rangi wala manukato, kwa nje tu. Vaa chupi ya pamba isiyobana na nguo pana.

Kwa siku mbili usiingie maji ya moto, bwawa la kuogelea, sauna wala mazoezi ya jasho, usijipake manukato, na usifanye tendo la ndoa. Vitundu bado viko wazi, na msuguano, jasho na bakteria hupitia hapohapo. Mikono isiguse bila sababu. Vipele vyekundu vidogo jioni ya kwanza na kesho yake si ajabu, huisha vyenyewe.

Visipokwisha, au wekundu ukizidi kusambaa, kukawa na usaha, uvimbe wa moto, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, au homa, nenda kituo cha afya bila kungoja. Mweleze mhudumu kwamba ulifanya waksi. Aibu ya dakika mbili itakuokolea wiki nzima ya kitandani.

Nywele zinazoota kwa ndani

Hili ndilo lalamiko kubwa, hasa kwa wenye nywele za kujikunja. Unywele mpya unaanza kuota, ncha yake inapinda na kuingia ngozini badala ya kutoka nje, na mwili unaushambulia kama mwiba. Kinatokea kipele kigumu, pengine chenye usaha kidogo, na kwenye ngozi nyeusi kikipona kinaacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi. Doa hilo linawasumbua watu kuliko nywele zenyewe.

Nywele zilizokatikia chini kidogo ya ngozi ndizo zinazoongoza kuleta vipele hivi, na hapo tunarudi kwenye mkono unaokaza. Baada ya hapo ni matunzo. Kuanzia siku ya tatu au ya nne, kama ngozi imetulia, sugua kwa kitambaa laini chenye maji ya vuguvugu kwa mizunguko midogo, mara mbili au tatu kwa wiki. Paka mafuta mepesi yasiyo na manukato ili ngozi isikauke na kuwa ngumu. Losheni zenye asidi ya salisili kwa kiwango kidogo husaidia kwenye mstari wa paja na kinena, si ndani zaidi.

Kipele kikitokea, usikitumbue. Kitambaa cha vuguvugu dakika kumi, mara mbili kwa siku, mara nyingi huuleta unywele wenyewe juu. Ukiona kitanzi cha unywele kimetokeza, ingiza ncha ya kibano kilichosafishwa chini ya kitanzi, uinue ncha tu itoke nje. Usiung'oe, kwa sababu utakaoota badala yake utafuata njia ileile. Mtu ambaye kila mara anatoka na vipele vingi na madoa, baada ya kufanya haya yote, ajue waksi si rafiki wa ngozi yake. Mashine inayoacha milimita chache juu ya ngozi itamfaa zaidi, au amwone daktari wa ngozi kuhusu leza inayofaa rangi yake.

Kurudia, na kusafisha vyombo

Nywele haziko hatua moja zote kwa wakati mmoja. Nyingine zinakua, nyingine zimepumzika chini ya ngozi na waksi haikuzigusa. Ndiyo maana wiki ya pili utaona vinywele vichache vimechungulia, ukadhani kazi ilikuwa mbovu. Viache. Usivipitie na wembe, vinginevyo unavuruga mpangilio wote. Rudia baada ya wiki 4 hadi 6, zikifika urefu. Wengi wanaoendelea hivyo huona nywele zinarudi laini na chache zaidi, ila waksi haizimalizi moja kwa moja.

Vipande vilivyotumika na vijiti vifunge kwenye karatasi na kuvitupa, usiviyeyushe tena. Waksi safi iliyobaki chomboni, iliyoguswa na vijiti vipya tu, ifunike igande hadi mwezi ujao. Matone ya sakafuni yagandishe kwa kipande cha barafu kisha uyabandue kwa ukingo wa kijiti, na yaliyo kwenye kingo za chombo yapanguse kwa mafuta yangali vuguvugu, umeme ukiwa umezimwa na waya umechomolewa.